Kahawa Iliyouzwa Ingali Ua

Buganguzi, Muleba
9 Julai 2023

Binti yangu Kokuhirwa,

Milembe, mwana wa kaka yangu. Ukiuliza habari za huku, tupo, Mungu anatubeba. Kifua kinanisumbua asubuhi kukiwa na ukungu, lakini mchana nalima. Baba Dativa tulimzika mwaka juzi, nadhani habari hazikukufikia. Mnyauko umeingia kwenye migomba, tumekata na kufukia karibu nusu ya kibanja. Tunanunua ndizi sokoni, sisi, watu wa Buganguzi! Kilichobaki ni kahawa.

Magdalena, yule muuza ndizi tunayesali naye, alikuona Hamugembe. Aliniambia, "Mama Dativa, yule mtoto wa marehemu kaka yako amekuwa mwanamke mzima, ana sauti kama ya baba yake." Akaniambia pia kwamba kituo cha yatima kimewafanyia sherehe ya kuwaaga ninyi mliokua, na kila mmoja amepewa mtaji wa kuanzia maisha. Nilipiga magoti nikashukuru.

Mwanangu, dada yako Dativa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Anatakiwa kuripoti Oktoba. Sina ada. Sisemi mengi, wewe ni mtu mzima sasa na damu haipotei. Simu yangu haisikiki vizuri, kwa hiyo Magdalena ndiye atakuletea barua hii na ndiye ataleta majibu.

Ni mimi shangazi yako anayekuombea,
Anatolia


Hamugembe, Bukoba
30 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara nyingi. Ndiyo barua ya kwanza kuandikiwa na mtu wa kwetu tangu nichukuliwe. Poleni kwa msiba wa Baba Dativa, na pole kwa kifua. Mimi ni mzima. Nimepanga chumba kimoja kwa mama mmoja anaitwa Nuriat, nyuma ya migomba yake, na mbele ya nyumba napika chai, maharage na ndizi kwa waendesha bodaboda. Hakuna anayempongeza Dativa kunizidi mimi.

Kuhusu mtaji, ni kweli. Lakini hawakutupa hivi hivi tu. Mwaka mzima, kila Jumamosi tukishamaliza kufua, alikuja Mwalimu Judica kutufundisha mambo ya fedha: kufungua akaunti, kuweka akiba kabla ya kula, kupanga bei, kusoma mkataba mpaka herufi ya mwisho. Alisema sisi tunatoka bila baba wa kutukopesha na bila mama wa kutuficha tukifilisika, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kukosea mara mbili.

Siku moja alituambia, "Mkishapewa mtaji, ndugu wataanza kukumbuka majina yenu."

Rafiki yangu Immakulata akauliza, "Na kama kweli wana shida, mwalimu?"

"Shida itakuwa ya kweli," akamjibu. "Hata hivyo mtaji wako si wa shida yao."

Kwa hiyo, shangazi, sitatoa. Sijasema kwamba sitasaidia. Nipe muda nifikirie.

Usihangaike kutengeneza simu. Mwalimu alitufundisha kwamba jambo la fedha liandikwe, hata kati ya mama na mwana.

Akusalimuye kwa heshima,
Kokuhirwa


Buganguzi
17 Septemba 2023

Mwanangu Kokuhirwa,

Wote hatujambo. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja amekufa. Mvua imeanza vizuri, na kahawa imechanua yote kwa siku moja, kibanja cheupe, harufu inaingia mpaka kitandani. Ungeiona ungemkumbuka baba yako. Ile mibuni ya upande wa juu aliipanda yeye.

Nilisubiri neno lako, nikaona kimya. Sikulaumu.

Jana alikuja Rutaihwa, mnunuzi. Yuko tayari kunipa fedha sasa hivi, kisha aje kuchukua kahawa ikishakauka. Bei yake ni ya kutukana, lakini hakuna mwingine. Dativa hali. Anakaa na ile barua ya chuo mapajani kama mtu anayefunga nayo. Nikikosa mwezi huu nafasi inakwenda kwa mwingine.

Niambie kama nimkubalie.

Shangazi yako


Hamugembe
24 Septemba 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa mvua, na pole kwa mwanambuzi.

Usimkubalie Rutaihwa. Hiyo ni butura, na butura ni kitu cha kwanza tulichofundishwa kukikimbia. Mkulima anauza kahawa ingali ua, kwa bei ya njaa yake. Ikiiva, inaiva ya mwingine. Mwalimu Judica alitueleza jinsi familia nzima zinavyopalilia, zinavyochuma na kuanika kahawa ambayo si yao tena. Na serikali imekataza.

Kama ni lazima uuze, niuzie mimi. Nitakupa zaidi ya anayotaka kukupa yeye, na fedha itakaa ndani ya ukoo. Nimeandika mkataba, nakala mbili, Magdalena anazo. Umeuza magunia kumi ya kahawa kavu ya maganda, utayatoa Julai. Yakipungua, upungufu utahamia msimu unaofuata ukiwa mara mbili, na vivyo hivyo kila msimu mpaka uishe. Hilo la mwisho lisikutishe, mikataba yote huwa nayo. Weka sahihi, mjumbe wenu naye aweke, unirudishie moja.

Mwambie Dativa ale.

Kokuhirwa wako


Buganguzi
3 Oktoba 2023

Mwanangu, mwanangu,

Mungu akuzidishie. Fedha imefika yote. Dativa ameondoka leo asubuhi na begi jipya, ameimba njia nzima mpaka barabarani. Majirani wamekuja kuniuliza ni nani amenitoa shimoni, nikawaambia ni mtoto wa kaka yangu. Nililitamka jina lako hadharani, Kokuhirwa, na halikuniuma.

Kabla ya kutia sahihi Dativa alinisomea karatasi, maana miwani yangu imevunjika mkono. Akasema, "Mama, hapa pana neno mara mbili." Nikamwambia acha, huyo ni damu yetu, haandiki kwa ubaya.

Njoo Krismasi. Tutakuchinjia jogoo.

Ni mimi mama yako sasa,
Anatolia


Buganguzi
28 Julai 2024

Kokuhirwa,

Salamu. Krismasi hukuja. Nilikuletea salamu mara tatu kwa mkono wa Magdalena, hukujibu. Nikadhani ni kazi za senene, maana alisema msimu huo ulikuwa unanunua panzi hao magunia kwa magunia na kupeleka mpaka Mwanza. Nikajivunia.

Sasa nikueleze nilichotendewa. Jumanne nilikuwa msibani kwa jirani yetu Edvina. Narudi jioni nakuta stoo tupu. Dativa alikuwa likizo, anasema ulikuja na gari la Rutaihwa, Rutaihwa mwenyewe yuko usukani. Dativa alikukaribisha, akakuletea kiti. Akakuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kama mgeni anavyopewa. Ukasema, "Nimekuja kuchukua, sikuja kukaa." Ukahesabu magunia. Yalikuwa saba, kwa sababu mvua za Machi zilitukimbia, kila mtu Buganguzi anajua. Ukamwambia Dativa, "Mwambie mama yako yamebaki matatu, yaani sita."

Mwanangu, bei ya mwaka huu hata wazee hawajawahi kuiona. Kwa magunia hayo saba umepata fedha ya kumsomesha Dativa mpaka amalize, na mimi sina hata ya mafuta ya taa. Chuo kimemwambia asirudi bila ada ya mwaka wa pili. Nakuomba mambo mawili: ufute hayo sita, na umkumbuke dada yako katika faida uliyoipata.

Wapo wanaonishauri niende serikalini, kwa kuwa butura imekatazwa. Sijaenda. Najua hutanifikisha huko.

Shangazi yako


Hamugembe
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na msiba wa mama Edvina. Nami ni mzima. Biashara imekua, nimeongeza banda na nimeajiri mtu.

Bei ikipanda, faida ni ya aliyenunua. Ingeshuka, hasara ingekuwa yangu, na sidhani kama ungeniletea ada mimi.

Kuhusu serikali, nenda. Watakuuliza kahawa ni ya kibanja gani. Utasema cha marehemu kaka yako. Watakuuliza kama marehemu aliacha mtoto. Hapo ndipo nitapenda kuwepo nikusikie ukijibu, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwepo.

Nilikuwa na miaka tisa, sikuwa mchanga. Afisa ustawi alikaa kwenye lile benchi la jikoni, akakuuliza, "Huyu ana ndugu yeyote wa kumlea?" Ulikuwa unamenya ndizi. Hukunyanyua macho. Ukasema, "Huyu hana mtu." Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika kanga yako. Baba alikuwa na wiki mbili kaburini, hatua chache tu kutoka pale ulipokaa, na jembe lake ulikuwa umeshalitia mpini mpya.

Halafu nikiwa nimeshapanda gari ulinikimbilia. Nilifikiri umebadili nia. Ulikuja kunivua sweta. Ulisema ni ya Dativa.

Kituo hawakunitesa. Nilikula, nilisoma, nililala kitandani kwangu. Lakini kila siku ya kutembelewa, wenzangu waliitwa majina getini, na mimi nilikaa karibu ili nisije nikakosa kusikia langu. Ulikuwa unakuja Bukoba kuuza ndizi, shangazi. Magdalena ameniambia. Kila wiki mbili, miaka hiyo yote.

Magunia ni sita. Msimu ujao.

Kokuhirwa


Buganguzi
30 Agosti 2024

Kokuhirwa,

Tupo. Mbuzi tumemuuza.

Watoto hawajui wakubwa walibeba nini. Baba Dativa alikuwa na mdomo wake na mkono wake. Ukoo ulikaa kikao. Siwezi kuandika kila kitu kwenye karatasi inayopita mikononi mwa Magdalena. Aliyekufa amekufa, na wewe uko hai, una banda na waajiriwa. Sijui unachotaka niseme.

Dativa amekataa kukaa nyumbani akiangalia ukuta. Anakuja kwako afanye kazi yoyote, ili umsaidie arudi chuo. Mimi sikumtuma, amejituma mwenyewe. Ulipokuwa mdogo mlilala mkeka mmoja. Mpokee.

Anatolia


Hamugembe
20 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Dativa alifika salama. Anaosha sufuria na kuteka maji, ana bidii, hajibishani. Analala bandani, kwenye magunia, maana chumba changu ni kidogo. Mshahara wake nimeupeleka kwenye deni lako kama ilivyo haki, ukitoa chakula anachokula. Kilichobaki ni kidogo, bado hakijafika hata nusu gunia.

Wateja wanamuuliziaulizia, ni msichana mzuri. Juzi dereva mmoja aliniuliza, "Huyu mgeni ni nani wako?" Dativa alikuwa pale pale, mikono kwenye povu. Nikamjibu, "Huyu hana mtu."

Hakulia. Aliendelea kusugua.

Kokuhirwa


Buganguzi
2 Februari 2025

Kokuhirwa,

Dativa amerudi toka Krismasi. Alifika mikono imechubuka mpaka nyama. Nilimuuliza, "Alikupiga?" Akatikisa kichwa. Nikamuuliza tena na tena mpaka wiki iliyopita, ndipo akaniambia uliyomwita mbele ya watu.

Nilinyanyuka nikaenda kuazima shoka.

Nilianza na ile ya upande wa juu, ya kaka yangu. Majirani walikuja mbio wakidhani nimerukwa na akili, kwa maana hakuna mtu wa huku anayekata kahawa, hata mwenye wazimu. Mzee Onesphory alinishika mkono akasema, "Anatolia, hii ni mali ya marehemu!" Nikamwambia, "Ndiyo, na mdai wake yuko Hamugembe." Dativa alitoka ndani, akasimama ananitazama, kisha akachukua panga. Hakuniuliza kitu. Tulikata siku tatu. Matunda mabichi yametapakaa kila mahali, kuku wanayakanyaga.

Sasa sina migomba, sina kahawa, sina mtoto msomi. Dativa ameondoka jana kwenda Bumbire kuanika dagaa kwa mama mmoja anaitwa Maimuna. Sijui atarudi lini, na kule kwenye makambi ya wavuvi unajua mwenyewe msichana anakutana na nini.

Umefundishwa fedha, umeijua. Njoo na gari lako uchukue magunia sita. Mavuno yako yamelala chini.

Anatolia Rutabingwa


Hamugembe
6 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Nilikuja. Majirani watakuwa wamekwambia. Wewe ulikuwa kanisani, Jumapili iliyopita, na nilichagua saa hiyo makusudi. Sikuja na gari, nilipanda bodaboda kutoka barabarani.

Nilidhani nitatembea katikati ya ile mibuni iliyolala na nisione kitu zaidi ya hasara. Nilikwenda mpaka kaburini kwa baba. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kukuta nyasi. Nilizihitaji hizo nyasi, shangazi. Nimekuta limepaliliwa, limezungushiwa maua mekundu, na udongo wa pembeni una alama za magoti ya mtu anayekwenda pale mara kwa mara. Nikakaa chini nikalia kwa hasira. Kumbe moyo wa kutunza ulikuwa nao. Ulimtunza yeye aliyekwisha kufa.

Nikueleze nilichokuwa nataka, kwa kuwa uliandika hukijui. Nilitaka mstari mmoja. Ungeandika tu, "Nilisema huna mtu, na mtu wako nilikuwa mimi," ningechana mkataba siku hiyo hiyo, na Dativa angerudi chuo kwa fedha yangu. Nilikuwa nayo tayari benki, nimeitenga kando tangu mavuno. Katika kila barua yako nilipita juu ya kifua, mvua na mbuzi, nikiutafuta. Hata katika hii ya shoka niliutafuta. Unaijua kahawa ni ya nani, unamjua mdai yuko wapi, lakini mstari huo haupo.

Mwalimu Judica amenijua. Kituo kilikuwa kimeniomba nikazungumze na wanaotoka mwaka huu, niwe mfano. Magdalena akamwambia kila kitu. Alinijia bandani, hakutaka chai. Akasema, "Kokuhirwa, nilikufundisha butura ili uikimbie."

Nikamwambia, "Ulinifundisha inavyofanya kazi, mwalimu."

Akasema nisije tena kituoni. Nilikotoka napo sasa si kwangu. Nimekueleza hili ili ufurahi, maana sina jingine la kukufurahisha.

Dativa nimemwandikia Bumbire, barua mbili. Hajajibu. Sitamwandikia ya tatu.

Sasa lililobaki. Nilipokuwa nanyanyuka pale kaburini niliweka mkono juu ya kisiki kimoja ili nisianguke, na kitu laini kikanigusa kiganja. Nikainama. Mvua za masika zimefanya kazi yake. Nikatazama cha pili, cha tatu, nikapita vyote mpaka upande wa chini. Ulikata kwa hasira, shangazi, na mtu mwenye hasira hainami akikata. Umekata usawa wa goti. Mbuni hauuawi hivyo. Nimemuuliza bwana shamba, ameniambia wakulima wenye akili hukata hivyo hivyo kwa makusudi mibuni ikizeeka, na baada ya miaka mitatu huzaa kuliko ilivyozaa mwanzo.

Deni la mkataba wetu linahama msimu hadi msimu, likiwa mara mbili, mpaka liishe. Nina umri wa kusubiri, na sina haraka.

Vichipukizi ni vingi mno kwa kila kisiki. Vipunguze, uache viwili au vitatu vyenye nguvu. Na upalilie.

Kokuhirwa